Kitasa Kimegoma: Edmonton Barafu, Mombasa Chumvi

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri, mwezi wa Januari, kaskazi inavuma na fulana imenigandia mgongoni, simu ikalia. Alikuwa mpwa wangu aliyehamia Edmonton, Kanada. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, giza bado, na baridi ya nyuzi 25 chini ya sifuri.

"Shikamoo mjomba. Gari haifunguki. Ufunguo hauingii mlangoni."

Nikamwitikia marahaba, nikamwuliza kama ameshika ufunguo wa gari kweli au wa nyumba. Hakucheka. Gari lake ni la mtumba, rimoti ilikufa zamani, na kazini alitakiwa baada ya saa moja.

Nilikuwa barazani na jirani zangu wawili, basi nikaweka simu kwenye spika, na kama ijulikanavyo, baraza halikosi dawa. Wa kwanza akasema amwagie maji moto. Wa pili akasema chumvi: si tunasikia huko wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu? Basi akoroge maji ya chumvi ayatie tunduni. Mimi nikasema mafuta. Dawa zote tatu zilikuwa mbovu, na yangu ndiyo mbovu kuliko zote, kama mtakavyoona. Lakini ubovu wake una mafunzo hata kwetu sisi tusiojua baridi, kwa sababu kitasa cha aina hiyohiyo hugoma Mombasa pia, na hapa hakuna hata tone la barafu nje ya friji.

Kiswahili kimeliona jambo hili zamani. Maji yakiwa barafu, yameganda. Mafuta yakiwa magumu, yameganda. Nguo ikinata mwilini, imeganda. Neno moja kwa mambo matatu, na yote matatu yanaweza kumkuta mtu mlangoni pa gari lake.

Ukitaka kuelewa kwa nini, itabidi uchungulie ndani ya tundu. Ufunguo unapoingia, unaingia ndani ya silinda ndogo ya chuma iliyolala ndani ya ganda lake. Ndani ya silinda hiyo vimepangwa vibamba vyembamba vya shaba, kila kimoja kina dirisha katikati na springi yake pembeni, springi ndogo kuliko ile ya kalamu ya kubofya. Ufunguo usipokuwepo, springi husukuma vibamba vichomoze nje ya silinda na kuingia kwenye mifereji ya lile ganda, hapo silinda haizunguki hata uilazimishe. Ufunguo wa kweli una mabonde na vilima vinavyopita kwenye yale madirisha na kuvuta kila kibamba mahali pake, vyote vilale sawa na silinda. Ndipo inapozunguka. Vitasa vingi vya nyumba hutumia pini za duara badala ya vibamba, lakini mantiki ni moja.

Sasa fikiria nafasi zilizomo humo. Kibamba kinacheza ndani ya mwanya wa unene wa karatasi, kikisukumwa na springi isiyo na nguvu ya kuua mbu. Chochote kinachoingia kwenye mwanya ule, kiwe barafu, kiwe unga wa kutu, kiwe mafuta yaliyochanganyika na vumbi, kinakishinda kibamba. Tone moja linatosha.

Kwa mpwa wangu tone lilikuwa la maji matupu. Jana yake baridi ilikuwa imelegea kidogo, akaipeleka gari kuoshwa kwa mpira wa presha. Maji yakaingia tunduni. Usiku joto likaporomoka. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hiyo ndiyo tabia inayowapasulia watu chupa za soda kwenye friza. Ndani ya kitasa hayana pa kutanukia, kwa hiyo yanakamata kila kibamba mahali kilipo kana kwamba kimemwagiwa saruji.

Maji moto ya jirani yangu yangefungua mlango, sikatai. Lakini yangebaki humohumo ndani, yakapoa, na kabla hajarudi kutoka kazini yangekuwa barafu mpya, tena nyingi kuliko ile ya kwanza. Na kama yangerukia kioo kilichopigwa na baridi ya usiku kucha, kioo kingeweza kupasuka. Mtu amwagaye maji moto kwenye gari la Kanada anabadilisha tatizo dogo kwa kubwa.

Chumvi ilikuwa hoja nzito zaidi, na nilipoifikiria baadaye ilinifurahisha. Ni kweli chumvi hushusha kiwango cha kuganda. Maji ya bahari yetu, yenye chumvi ya gramu 35 hivi kwa kila lita, huganda karibu na nyuzi 2 chini ya sifuri badala ya sifuri yenyewe. Ukizidi kukoroga chumvi, kiwango kinazidi kushuka, hadi ukifika chumvi ya asilimia 23 maji yale hayagandi mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri. Hapo ndipo mwisho. Ukiongeza chumvi zaidi huambulii kitu. Mpwa wangu alikuwa kwenye 25. Maji ya chumvi yenyewe yangeganda mkononi mwake. Ndiyo maana baridi inapokuwa kali mno, chumvi ya kawaida barabarani haifui dafu, na watu hugeukia mchanga ili tairi zipate pa kushika.

Na mafuta? Mafuta hayayeyushi barafu. Yanakaa juu yake tu.

Kinachofaa ni alkoholi. Ile inayoitwa ethanoli haigandi mpaka nyuzi 114 chini ya sifuri, na ile ya kusafishia vidonda, isopropili, haigandi mpaka 89. Alkoholi huingia kwenye barafu, huchanganyika na maji yake, mchanganyiko ule unakataa kuganda, kisha sehemu kubwa hupaa hewani. Vichupa vya dawa ya vitasa vinavyouzwa katika nchi za baridi kwa kawaida huwa ni hiyohiyo alkoholi yenye bei ya juu. Mpwa wangu hakuwa na kichupa, lakini alikuwa na kitakasa mikono kwenye koti, kilichobaki tangu enzi za korona. Nikamwambia aupake ufunguo, auingize kadiri unavyokubali bila nguvu, asubiri, autoe, apake tena. Na nikampa makatazo matatu. Asipulizie tundu kwa mdomo, maana pumzi ya mtu ni mvuke, na mvuke ndio huohuo unaokwenda kuganda. Asichome ufunguo kwa kiberiti kama kichwa chake ni cha plastiki, kwa sababu ndani ya plastiki ile mara nyingi kuna chipu ambayo injini huitafuta kabla ya kukubali kuwaka. Ukiiunguza utaingia ndani ya gari na kukaa humo kama abiria. Na asikaze mkono. Ufunguo ukivunjikia ndani, hapo tena ni habari ya fundi, si ya alkoholi.

Mara ya nne ufunguo ukazama. Ukazunguka. Akavuta kishikio, na mlango haukufunguka.

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, kule na huku. Mlango una sehemu tatu zinazoweza kugoma kila moja kivyake, na dalili zake ni tofauti. Ufunguo ukikataa kuingia, tundu limeziba. Ukiingia lakini usizunguke, kuna kibamba kimekwama, au ufunguo wenyewe umelika. Ukichonga ufunguo kutokana na nakala ya nakala, kila mara unapoteza kidogo, mpaka siku moja vilima havifikii vibamba. Ukizunguka vizuri lakini mlango ubaki umefungwa, tundu halina kosa: shida iko ndani ya mlango, kwenye kifimbo kinachopeleka habari au kwenye ile ndoana inayouma chuma cha fremu, au kwenye mpira unaozunguka mlango. Nimeona mtu akinyunyizia tundu la ufunguo dawa za kila aina wakati kilichokatika kilikuwa kifimbo.

Kwa mpwa wangu ulikuwa mpira. Maji ya kuoshea yalibaki kati ya mpira na bati, yakawa gundi. Ukiuvuta kwa hasira unachanika, au kishikio kinabaki mkononi. Dawa yake ni kuusukuma kwanza: akaubonyeza mlango kwa nyonga pembeni kote, barafu ikalia kra-kra, ukaachia. Wenyeji hupaka mpira ule silikoni kabla ya baridi kuanza. Huku kwetu silikoni hiyohiyo inafaa kwa kinyume chake, kwa gari linaloachwa juani miezi hadi mpira ukaanza kunata kama ubuyu.

Simu ikakatwa, na jirani yangu wa chumvi akasema, "Afadhali sisi." Sikumjibu, maana nilikuwa na siri.

Miezi michache kabla ya hapo nilikuwa nimesafiri wiki mbili, gari nikaliacha nyumbani Nyali. Kurudi, betri imekufa. Rimoti nabonyeza, kimya. Nikakumbuka kwamba ndani ya rimoti kuna ufunguo mdogo wa chuma, ukichomoa unachomoka, na kwamba tundu lake limefichwa chini ya kifuniko kwenye kishikio cha mlango wa dereva. Nikakibandua kifuniko kwa kucha. Ufunguo ukaingia nusu, ukasimama. Nilihangaika mpaka jasho likanilowesha kuliko fulana ya Januari, kisha nikamwita fundi wa vitasa.

Kijana mpole, na haraka hakuwa nayo. Alichungulia kwa tochi ya simu, akatikisa kichwa. "Mzee, tundu hili halijaona ufunguo tangu Japani." Alipokwishalifungua gari kwa njia zake na kuitoa silinda nje, aliigonga kwenye kiganja changu. Ukamwagika unga mweupe, mkavu, mithili ya unga wa mhogo. Vibamba viwili vilikuwa vimeshikana na kuta. Springi moja ilikuwa imebaki doa la kahawia tu.

Unga ule ndio hadithi ya Mombasa. Magari mengi yana silinda au ganda la aloi ya zinki, vibamba vya shaba, springi za chuma cha pua au cha kawaida. Metali tofauti zikigusana penye maji ya chumvi, zinafanya kazi ya betri: umeme mdogo unapita, na ile iliyo dhaifu inaliwa. Zinki ndiyo dhaifu. Kutu yake si nyekundu, ni nyeupe, ndiyo maana watu hawaitambui kuwa ni kutu.

Lakini maji yanatoka wapi, gari limelala kwenye kivuli bila mvua? Yanatoka hewani, na chumvi ndiyo inayoyaita. Chumvi safi ya jikoni, hewa ikishapita unyevu wa asilimia 75 hivi, huanza kuyanywa maji ya hewani mpaka iwe rojo. Chumvi ya bahari, yenye magnesi ndani yake, hunywa hata kabla ya hapo. Usiku wa Mombasa huvuka asilimia hiyo bila shida. Nani Mombasa hajawahi kutia punje za mchele kwenye kichupa cha chumvi ili isigande? Sasa chukua chembe zilezile zinazopeperushwa na upepo wa kusi kutoka mawimbini, ziingize kwenye tundu la ufunguo. Mchana zinakauka, usiku zinalowana. Hiyo ni miaka yote.

Na kuna mlango mwingine wa chumvi ambao hatuusemi: mahali pa kuoshea magari. Maji ya mfereji ni ya shida, kwa hiyo sehemu nyingi huoshea kwa maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani na pembezoni vina maji ya chumvichumvi. Unalipa gari liende kung'arishwa, linarudi na chumvi iliyosukumwa kwa presha mpaka kwenye kila tundu. Mimi na mpwa wangu, kwa hiyo, tulipatwa na maradhi yaleyale kwenye karakana ya namna ileile. Yeye aliyapata usiku mmoja, mimi ilinichukua miaka.

Rimoti nayo imetuharibu. Zamani ufunguo uliingia na kutoka mara sita kwa siku, na huo msuguano ulikuwa unafagia tundu. Leo mtu ananunua gari, anaitumia miaka minne, hajui hata tundu liko wapi. Siku anayolihitaji ndiyo siku betri imekufa, na aghalabu iko kwenye foleni ya feri Likoni au sehemu nyingine isiyo na huruma.

Sasa mafuta, maana niliahidi. Gari langu la kabla ya hili lilikuwa la ufunguo, na kila tundu likikaza nilikuwa nalitia mafuta ya nazi kwa unyoya wa kuku, kama alivyofanya baba yangu kwenye makufuli ya mlango wa nyumba. Yalifanya kazi vizuri sana. Hadi asubuhi moja ya Julai ufunguo ukawa mzito kama unakoroga ugali. Nikarudi ndani kutafuta mafuta zaidi, nikakuta chupa ya mke wangu juu ya kabati: nyeupe, ngumu, nzima. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi, na alfajiri za Julai hapa hushuka chini ya hapo. Nilikuwa na kitasa kilichoganda kwa baridi, Mombasa! Saa nne jua lilipopanda kikafunguka chenyewe. Mke wangu hajaacha kunikumbusha.

Hata yasipoganda, mafuta ya kupikia huchacha na kuwa utomvu, na kila chembe ya vumbi inayopita inakaribishwa ndani. Grisi ni vivyo hivyo, nzito mno kwa springi zile. Oili ya injini ni afadhali kidogo, ila nayo hukusanya uchafu.

WD-40, ile dawa ya kopo ya kunyunyiza, ndiyo inayoleta ubishi gerejini. Ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 na kampuni iliyokuwa ikitafuta kitu cha kuondoa maji na kuzuia kutu kwenye vyombo vya anga, na jina lenyewe ni kifupi cha Kiingereza, Water Displacement, yaani kuondoa maji, jaribio la 40. Kazi hiyo inaifanya vyema. Ila kilainishi kinachobaki baada yake ni kidogo na hakidumu, na huko nyuma imekwisha kuosha kilichokuwepo. Mimi naihesabu kuwa sabuni. Anayeinyunyiza na kuondoka atarudi kuinyunyiza.

Na kuna unga wa penseli, yaani grafiti. Vitabu vya nchi zenye hewa kavu na baridi huusifu sana kwa vitasa, na huko unastahili sifa: ni mkavu, haugandi, haukamati vumbi. Pwani mimi nauogopa. Grafiti hupitisha umeme, na katika ule mchezo wa betri wa metali kwenye maji ya chumvi, yenyewe husimama upande wa wale wanaowala wenzao. Ukiiweka pamoja na zinki na chumvi umeongeza mlaji mezani.

Yule kijana alinifundisha mpangilio ambao nimeufuata tangu hapo, na hatua yake ya kwanza ilinishangaza: maji. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta wala kwenye WD-40. Zitaipita juu juu na kuiacha palepale. Inayeyuka kwenye maji matamu. Kwa hiyo anatumia sindano isiyo na ncha na maji ya betri, yale safi yanayouzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya kuongezea, si asidi, tafadhali, hivi viwili hufanana kwenye rafu. Anasukuma maji tunduni mara mbili tatu, anaingiza ufunguo na kuutoa, anaufuta kwa kitambaa, anarudia mpaka kitambaa kibaki safi. Ndipo inakuja WD-40 kuyafukuza yale maji. Anaacha gari lisimame juani nusu saa. Mwisho ananyunyiza kilainishi kikavu cha teflon, kidogo tu, anazungusha ufunguo mara kumi, basi. Kwa gari linalolala karibu na bahari nafanya hivyo mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada ya kusi, na kila Ijumaa nikienda msikitini nafungua mlango kwa ufunguo wa chuma badala ya rimoti. Kitasa kilichokwisha kutoa unga mweupe kama wangu hakiponi kwa haya. Hicho ni cha kubadilishwa silinda.

Mpangilio huo ukiupeleka Edmonton mwezi wa Januari, hatua ya kwanza tu imeua kitasa. Huko ni alkoholi, kisha kilainishi kikavu, maji yasikaribie.

Nilimwandikia mpwa wangu haya yote, naye akajibu kwamba ameshajipanga: amenunua kichupa cha dawa yenyewe ya vitasa, kizuri, chenye mrija mwembamba wa kuingia tunduni. Nikampongeza, nikamwuliza anakiweka wapi.

"Ndani ya gari, mjomba."